Ukuta wa Agosti usiwadanganye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba za zamani hapa Dodoma, hasa zile za miteremkoni zenye chumba cha chini kilichoachwa bila kumaliziwa, ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Wengi hukigeuza kiwe cha kupangisha, na kazi huanza Agosti, ukuta umekauka kau. Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Januari rangi inabambuka, fundi hapokei simu.

Hata kiangazi ukuta huwa na ushahidi: unga mweupe wa chumvi, mstari wa kahawia, plasta inayolia tupu ukiigonga. Mvua zikianza, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, subiri siku 2. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka udongoni. Yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa; fungua dirisha.

Maji ya udongoni huzuiwa nje. Kupaka dawa ya kuzuia maji ndani peke yake ni kutupa hela, maana maji yanaisukuma kutoka nyuma hadi ibanduke. Anza na gata. Maji ya paa yamwagwe mbali, si mguuni pa ukuta. Kisha chimba mtaro upana wa sentimita 40, ushuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani bila kupita kitako cha msingi. Chimba kwa vipande vya urefu wa mita moja moja, maana ukuta mkongwe ukifunuliwa wote kwa mara moja unaweza kulala. Piga plasta ya 1:3 (saruji kwa mchanga), paka lami mara 2, weka nailoni nyeusi. Chini laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yatazame chini, mwinamo sentimita 1 kwa kila mita, ulifunike kwa kokoto safi. Mdomo wake utokee upande wa bondeni.

Ndani, chumvi isugueni kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ukutani. Bandua plasta iliyooza hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu, piga mpya, iache wiki 4, kisha paka chokaa. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani, na jipsamu hapo ni mkate kwenye chai.

Sakafu ya mita 3 kwa 4: mawe yaliyoshindiliwa sentimita 15, mchanga kidogo ili mawe yasichane nailoni, nailoni nzito iliyopandishwa ukutani, halafu zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unene wa sentimita 10. Hapo ni mifuko 8 ya saruji. Mwagilia siku 7.

Tabaka hizo zinakula zaidi ya sentimita 25 za kimo, na hapo ndipo watu hushawishika kuchimba sakafu zaidi. Misingi mingi ya zamani ni ya mawe na mifupi. Ukichimba chini ya kitako chake, udongo unaoubeba unakimbilia chumbani na nyumba inapata ufa kuanzia pembeni mwa madirisha. Kama baada ya kupima kichwa kinagusa dari, chumba kibaki stoo.

Fundi ujenzi,
Dodoma