Taa za gari la marehemu baba yako

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo sote, Alhamdulillahi, na mguu wa mama umepoa. Wasiwasi wangu uko kwako. Tangu uliponiambia kwamba taa ya kushoto ya Corolla imezima, nawe unatoka zamu usiku, unavuka feri ya Likoni, kisha unaendesha hadi Ukunda na taa moja, sina raha. Mwenye kuja mbele yako usiku akiona taa moja hudhani ni pikipiki. Atakupisha nafasi ya pikipiki.

Halafu huyo fundi aliyekwambia utoe balbu zote mbili utie za zenoni, nyeupe pe. Usikubali, nakuomba. Ndani ya balbu yako mna nyuzi mbili, wa dimu (mwanga wa chini) na wa fulu (mwanga wa mbali), na chini ya ule wa dimu pana kijibati kidogo mfano wa kijiko. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa kimepindwa kwa hesabu ya pale pale nyuzi zilipokaa, na kijibati ndicho kinachozuia mwanga usipande juu. Ukitia kitu ambacho mwanga wake hautoki mahali pale, unatapakaa kila upande. Wewe utaona kweupe mbele ya boneti na kufurahi, na dereva wa matatu anayekuja atakuwa haoni kitu. Na zile balbu za wati 90 na 100 nazo uziache: waya na soketi za magari yetu haya ya zamani hazikutengenezwa kubeba moto huo, zitayeyuka.

Kazi yenyewe utaifanya mwenyewe hapo uani. Nimeifanya mara tatu sasa, na mara ya mwisho haikunichukua hata nusu saa.

Kwanza angalia kama ni balbu kweli. Dimu ikifa na fulu inawaka upande ule ule, mara nyingi ni balbu, uzi mmoja umekatika. Upande mzima ukiwa giza, fungua sanduku la fyuzi kwanza, maana magari mengi yana fyuzi ya kila upande. Ikizima kushoto na kulia kwa pamoja, usinunue balbu. Tafuta kwenye rilei, kile kidude kinachopitisha umeme wa taa, au kwenye swichi.

Dukani nenda na balbu ya zamani mkononi. Ya kwangu imeandikwa kwenye kitako H4, 12V 60/55W, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu. Yako nadhani ni hiyo hiyo, lakini soma. Nunua mbili. Ya kulia imewaka saa sawa na hii iliyokufa, haitakawia, nami sitaki ikufie usiku njiani.

Gari lizimwe, taa zipoe. Nyuma ya taa utakuta soketi ya waya tatu: ishike yenyewe, usivute waya, itikise pole pole huku unaivuta. Kisha uvue mpira mweusi, utoke mzima. Chini yake kuna waya mgumu uliopindwa, ndio klipu. Ubonyeze, usogeze kando, uachie. Balbu itatoka. Betri ikikuzuia mkono kama inavyonizuia mimi, ifungue uisogeze, ukianza na waya wa hasi.

Mpya usiiguse kioo, shika kitako tu. Kioo kile kinapata joto la mamia ya nyuzijoto, na mafuta ya kidole yakibaki hapo yanaunguza mahali pamoja mpaka kinapasuka. Ukikigusa, kifute kwa spiriti na kitambaa safi. Mikono yetu wapika samaki, Zuhura, iangalie sana.

Sasa hapa nisikilize vizuri.

Ramadhani iliyopita nilikuwa narudi kutoka Mtwapa, nimefuturu kwa shangazi. Mchana wake nilikuwa nimetiliwa balbu mpya na fundi mmoja wa kando ya barabara. Nawasha dimu, naona vilele vya minazi vinang'aa, lami mbele yangu giza. Nikadhani macho yamechoka kwa saumu. Mara nikauona mkokoteni, mitungi ya maji imepangwa juu, mwenyewe ameinama anasukuma, hana taa wala kitu cha kung'aa. Nilikanyaga breki mpaka gari likaenda upande. Yule kijana akageuka, akanitazama, akaendelea kusukuma maji yake. Shati lake lilikuwa la buluu. Naliona mpaka leo.

Asubuhi nilifungua boneti nikaikuta balbu imekaa mshazari. Kitako cha H4 kina masikio matatu, la juu ni pana kuliko mengine, na kila moja lina pengo lake. Inaingia kwa namna moja tu. Yule fundi alikuwa ameilazimisha, akaibana na klipu ikiwa imeinama, na kwa kuinama kidogo hivyo mwanga wote ukaenda mbinguni. Kwa hiyo usifunge klipu mpaka umeona masikio yote matatu yamelala kwenye mapengo yake, balbu haichezi. Kisha rudisha mpira, neno TOP likiwa juu, na ubonyeze kingo zote zishike, maana hewa yetu hii ya pwani ikipenya ndani taa itajaa ukungu na kile kikombe kitapoteza mng'ao.

Kabla ya kurudisha soketi, itazame. Ikiwa imeungua rangi ya kahawia au imelegea, badilisha nayo. Vyuma vikiwa na kutu ya kijani, vikwangue kwa msasa laini. Na ufuate ule waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye bodi, mpaka pale unapofungwa kwenye bodi. Chumvi ya bahari huanzia hapo. Mimi nilifungua boliti yake, nikakwangua kutu mpaka chuma kikaonekana, nikaifunga tena, na taa iliyokuwa ya manjano kama koroboi ikawaka sawa na mwenzake. Balbu haikuwa na kosa lolote.

Magharibi ikiingia lisogeze gari mbele ya ukuta, kama mita tano, ardhi sawa, uwashe dimu. Pande mbili ziwe kimo kimoja, chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Sisi tunaendesha kushoto, basi mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, na kulia ukatike chini, usimpige anayekuja.

Ukishindwa na klipu, iache. Jumamosi nitavuka asubuhi nikiwa na msasa, spiriti na tochi ya kufunga kichwani, tuifanye pamoja. Mpaka hapo omba zamu ya mchana, au panda matatu. Nisalimie mama na watoto.

Mwenzako,
Rukia