Kijana wangu ameacha kunionya

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni fundi ujenzi, huu ni mwaka wa 19 katika kazi. Nina kijana mmoja, saidia fundi wangu, niliyemfundisha tangu hajui kushika mwiko.

Miezi 3 iliyopita tulimwaga zege la slabu ya ghorofa. Siku ya 6 nikaamuru mirunda, ile miti inayoishikilia slabu kwa chini, ing'olewe, kwani niliihitaji kwenye kazi nyingine. Kijana akasema taratibu, "Fundi, tuiache kwanza. Zege bado changa." Nami ndiye niliyemfundisha hayo: zege humwagiliwa maji, huendelea kukomaa hadi siku 28 hivi, na slabu ikinyimwa mirunda mapema hubonyea kwa uzito wake. Nilijua. Ila alisema mbele ya wenzake. Nikamwuliza, "Umeanza lini kunifundisha kazi?" Vijana wakacheka. Mirunda ikang'olewa.

Slabu ikabonyea katikati, ikapasuka nyufa. Mwenye nyumba alipouliza, nikasingizia saruji. Kijana alikuwa amesimama palepale. Alinitazama, akainama kuokota ndoo.

Mirunda nimeirudisha, lakini moyo haujatulia. Tangu siku ile, kila nisemalo jibu lake ni "Sawa, fundi." Juzi nilikosea vipimo vya msingi, tukachimba nusu siku kabla sijashtuka. Nikamwuliza kama hakuona. "Niliona, fundi." Hakuongeza neno. Nililala na sentensi hiyo usiku kucha.

Miaka yote nimewaambia vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuwahi kujiuliza mkuu naye asikie la nani.

Nataka kumwomba radhi. Nilimdhalilisha hadharani, kwa hiyo naona kumwita pembeni hakutoshi. Lakini nikisema mbele ya wote, naogopa kesho kila amri yangu itabishiwa. Na mwenye nyumba je? Lazima aite mhandisi aikague slabu kabla watu hawajahamia, na hawezi kumwita akiwa bado anaamini tatizo ni saruji. Nikimweleza ukweli, huenda nikapoteza kazi, na vijana hawa wote wananitegemea. Nianze na nani?

Jambo jingine: mtu akinikosoa, kifua hubana na mdomo hutangulia kabla sijamsikia vizuri. Mliowahi kuishinda tabia hii, mliishindaje?

Mwezi ujao tunamwaga slabu nyingine. Naomba mnijibu kabla ya siku hiyo.

Fundi mwenye majuto