Makumbi ya nazi yasafishe maji yetu

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanga makumbi ya nazi tunayachoma na mabaki ya mkonge yanaozea mashambani, ilhali nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Taka hizo zina kazi. Lignini na selulosi iliyomo, yaani dutu zinazojenga kuta za mimea, hunasa madini mazito yaliyoyeyuka majini, kama risasi, kadimiamu na shaba. Maganda ya machungwa ya Muheza nayo yana pektini, dutu nyingine ya mimea inayofanya kazi hiyohiyo.

Wengi huamini maji yakishachemshwa ni salama. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi haiondoki, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Anayeumia zaidi ni mtoto, hasa ubongo wake.

Simaanishi kila nyumba ijaze makumbi ndooni. Yasipooshwa vizuri hutoa maji ya kahawia, na yakishashiba madini hayafai kabisa kutupwa bustanini. Naiomba halmashauri, pamoja na wataalamu wa maji, wayajaribu kwanza kwenye mifereji inayotoka gereji na kwa mafundi betri, kabla maji hayo hayajafika baharini tunakovua.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga