Mbuzi wako, Sele

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu Sele,

Salamu nyingi. Mguu unaendeleaje? Shemeji yako anakusalimu. Nimekaa kimya, na sababu unaijua. Ujumbe wako Mudi kaja kuutangaza mbele ya matingo wote, eti mbuzi wako keshazaa mpaka wajukuu! Haya, deni la dau letu la mbuzi nalikubali. Nilisema Desemba 2023 Moïse Katumbi anachukua urais wa Kongo. Akapata kama asilimia 18, Rais Tshisekedi akaondoka na 73. Ila nisikilize kwanza.

Unasema nilipumbazwa na mpira. Kidogo kweli. Mtu kashika klabu ya Mazembe tangu 1997, kombe la Afrika 2009, likaja tena 2010, mwaka huohuo fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, kipa Kidiaba anarukaruka kwa makalio! 2015 kombe jingine, Samatta wetu yumo. Nani asingepumbazwa? Lakini sisi madereva wa barabarani tulimjua kwa ugavana pia, mkoa wa Katanga ukiwa bado mmoja. Alipopiga marufuku mawe ghafi ya madini kutoka, bosi alitukana wiki nzima. Unakumbuka?

Halafu mpakani Kasumbalesa, Agosti 2018. Wewe ulishaacha usukani. Mimi nipo kwenye foleni upande wa Zambia, nasonga ugali pembeni ya tairi, nasikia Moïse kazuiwa kuingia. Gavana wa miaka minane, anarudishwa kama dereva asiye na karatasi! Ng'ambo mabomu ya machozi. Ugali ukaungua, tukala hivyohivyo. Tarehe 8 uandikishaji wa wagombea urais ukafungwa, naye yuko nje.

Na usinianzie habari za kuhamahama kambi. Najua. Alikuwa kwa Kabila, rais wa wakati ule, mpaka 2015, baadaye akaingia kwa Tshisekedi, mwisho wa 2022 akatoka. Malaika sijasema.

Kilichonifanya niweke mbuzi ni mtoto wangu Hamisi. 2021 ulipoletwa ule muswada, kwamba rais lazima baba na mama wote wawe Wakongo, kila mtu alijua unamlenga nani: baba yake Katumbi alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Redio inasema, Hamisi yuko mlangoni anapiga mswaki. Akautoa mdomoni: "Baba, kumbe wewe ndiye umeniharibia urais." Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, Sele. Mtoto kazaliwa hapa, Kiswahili chake cha hapa, hata Tunduma kwetu hajawahi... basi tu. 2023 Mahakama ya Katiba ilipoitupa kesi ya kutaka Katumbi asigombee, siku ileile nikakupigia tukawekeana. Ndiyo maana nilikuwa napiga kelele vile kwenye simu. Ulidhani nimelewa.

Sasa mbuzi: dume au jike? Hela nimpe Mudi, au baadaye utasema kala? Yule binti wa Mama Zawadi kaolewa kweli? Bosi kakulipa ya mguu, au bado anasema njoo kesho? Na ukimchinja, utaniwekea hata paja, au nije nikute mifupa?

Wako,
Rajabu