Barua ya Mkuu wa Shule kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula

Ndugu wazazi na walezi,

Salamu kutoka shuleni. Watoto wenu wanarudi nyumbani wakiwa wazima, kila mmoja na ripoti yake ndani ya bahasha iliyofungwa. Kidato cha Pili wamepanda sana katika hisabati, nami nawapongeza wao na walimu wao. Mengine ya mitihani mtayasoma kwenye ripoti. Barua hii naitumia zaidi kwa jambo lililotushughulisha muhula mzima, yaani wiki ya Kidato cha Tatu katika sehemu za kazi.

Mwanzoni mwa muhula mwalimu wa ushauri nasaha aliwagawia karatasi, kila mmoja aandike kazi anayotaka kuifanya ukubwani. Karatasi ziliporudi, karibu zote zilisema udaktari, uanasheria, uhandisi na urubani. Si kwetu tu. Katika utafiti wa mwaka 2018 wa PISA, mpango wa kimataifa wa kupima wanafunzi unaosimamiwa na OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), vijana wa miaka 15 kutoka nchi 41 waliulizwa wanatarajia kufanya kazi gani watakapofikisha miaka 30. Asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitaja mojawapo ya kazi 10 tu zinazopendwa zaidi. Ilhali Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2008, linazipanga kazi katika makundi 436. Watoto wetu wana akili ya kutosha kwa kazi yoyote kati ya hizo. Wanachokosa ni kuziona.

Basi tukawapeleka wakazione. Kwa wiki nzima kila mwanafunzi alimfuata mtu mmoja kazini tangu asubuhi hadi jioni, na daftari mkononi lenye maswali waliyoyatunga wenyewe darasani. Unaanza kazi saa ngapi, na unamaliza saa ngapi kweli? Ni sehemu gani ya kazi inayokuchosha? Ulisoma nini, na kati ya uliyosoma ni yapi unayatumia leo? Ungekuwa na umri wangu, ungefanya nini tofauti?

Nimeyasoma madaftari yale yote, na sijapata kusoma kazi za wanafunzi kwa furaha kama ile. Msichana mmoja aliyekuwa akisema udaktari tangu Kidato cha Kwanza alipelekwa hospitalini, akajikuta anashinda maabara. Ameandika kurasa sita juu ya darubini na namna mtaalamu anavyohesabu chembechembe za damu, na nusu ukurasa tu juu ya daktari. Mvulana aliyekuwa akilia na trigonometria alikwenda kwa mpima ardhi, akaona pembe zilezile zinaamua mpaka wa kiwanja upite wapi. Aliporudi alimwomba mwalimu amfundishe upya mada nzima. Mwingine alikaa na fundi wa kuchomelea, akaandika kwamba kosa dogo la kipimo linatupa chuma cha siku nzima. Yupo pia aliyetaka sana uanasheria, akarudi akisema hapana, hawezi kukaa na mafaili kiasi kile. Huyu nampongeza sawa na wengine. Kuligundua hilo akiwa na miaka kumi na saba ni afadhali mara nyingi kuliko kuligundua akiwa mwaka wa tatu wa chuo, ada yenu ikiwa imekwisha kulipwa.

Jambo hili si geni duniani. Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi huko Boston, Marekani, mwaka 1908, akishikilia mambo matatu: kijana ajijue mwenyewe, azijue kazi zilivyo, kisha apime kwa akili namna hayo mawili yanavyokutana. Nasi tumefuata njia hiyo. Kabla ya wiki ile wanafunzi walijaza dodoso linalotokana na mawazo ya mwanasaikolojia John Holland, anayewagawa watu katika aina sita kulingana na mambo wanayoyapenda. Majibu yake yamo ndani ya bahasha. Tafadhali msiyasome kama utabiri. Ni mwanzo wa mazungumzo, na mtoto wa miaka kumi na saba bado anabadilika.

Sasa nawageukia wale wachache walioitia shule aibu.

Wanafunzi wanne hawakukanyaga mahali walipopangiwa hata siku moja. Walighushi sahihi ya msimamizi kwenye fomu ya mahudhurio, siku zote tano, wakaandika na ripoti ya kazi wasizoziona. Tuligundua pale mwenye ofisi alipopiga simu kwa upole kuuliza kama watoto wetu wanaumwa. Mtu yule alikuwa amemwondoa mfanyakazi wake kwenye shughuli zake ili awapokee. Ametuambia mwakani hatachukua mwanafunzi wa shule hii. Nafasi ile mwalimu wetu aliitafuta kwa barua na safari nyingi, na wadogo zao wanaopanda Kidato cha Tatu ndio watakaoikosa.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Wazazi wawili walifika ofisini kwangu kuwatetea, wakasema ile ni karatasi tu, si mtihani. Nasema wazi: kughushi sahihi ni kosa kazini, ni kosa mahakamani, na ni kosa hapa. Ukimfundisha mtoto kwamba sahihi ya mtu ni karatasi tu, hakuna kazi hata moja katika zile 436 atakayodumu nayo. Kamati ya nidhamu imeamua wanne hao waitumikie wiki yao ndani ya likizo, mahali tulipokwisha kuwapangia, na mwalimu atapita kila siku kuwaangalia. Siku ya kufungua watafika na mzazi, na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa mkono wao. Asiye nayo hataingia darasani.

Kuna na hili. Fomu za kuchagua masomo ya mwaka ujao zimerudi, na nyingi zimejazwa kwa mwandiko wa mzazi. Moja ilikuwa na chaguo la mwanafunzi lililofutwa na jingine likaandikwa juu yake. Naelewa hofu yenu. Kila mzazi anataka mwanawe aishi vizuri kuliko yeye alivyoishi. Lakini atakayekaa darasani na kufanya mtihani ni mtoto. Msiniambie pia kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Uswisi ni nchi tajiri, na takriban theluthi mbili ya vijana wake wanaomaliza elimu ya lazima huingia mafunzo ya ufundi stadi, wengi wao wakigawa wiki kati ya mahali pa kazi na darasa. Anayetaka kuendelea na chuo baadaye, njia ipo. Kaeni na mtoto katika likizo hii. Someni daftari lake la wiki ya kazi. Muulizeni aliona nini, kisha msikilize mpaka amalize.

Kuhusu ada, nimeandika muhula uliopita na ninaandika tena. Wapo wanaodaiwa tangu mwanzo wa mwaka, ambao hawajalipa wala hawajaja kueleza. Mwenye shida ya kweli aje tupange. Hakuna aliyefika kwa unyoofu akafukuzwa mlangoni. Lakini ukimya siwezi kuupokea, maana nauli za watoto wote kwenda kazini zilitoka kwenye ada za wale waliolipa. Asiyelipa wala kufika kueleza kabla ya siku ya kufungua, mwanawe hatapokelewa.

Vitabu vya maktaba virudishwe. Sare iwe kamili. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti.

Kwa Kidato cha Tatu, fomu mpya ya kuchagua masomo imo ndani ya bahasha, pamoja na nafasi mbili za sahihi. Ya juu ni ya mwanafunzi. Fomu isiyo na sahihi yake mwenyewe, iliyotiwa baada ya mazungumzo nanyi, sitaipokea.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule