Gavana Shapiro, karatasi ya mama ifike yenyewe

Mheshimiwa Gavana wa Pennsylvania Josh Shapiro, salamu kutoka Erie. Mimi ni Mkongomani niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na hapa mtaani wazee wasiojua kuandika huwa wananiita niwaandikie barua, zingine za watoto wao walioko jela.

Gereza la Albion liko hapahapa kaunti ya Erie. Lakini barua ya mama haiendi Albion, inaenda kwanza St. Petersburg, Florida, kwa kampuni ya Smart Communications, wanaifungua wanaiskani alafu mfungwa anapewa kopi, na ile orijino inakuja kuharibiwa. Ndo utaratibu wa jimbo tangu Septemba 2018, serikali iliposema kuna karatasi zinalowekwa dawa za kulevya na askari magereza wanaugua. Hofu yao naielewa, nao wana watoto wanaowasubiri nyumbani.

Ila kopi sio barua jamani. Bibi asiyejua kusoma sahihi yake ni dole gumba, anabonyeza pale chini ili mjukuu ashike palepale alipogusa yeye. Na mtoto akimchora baba yake na kalamu za rangi anakandamiza mpaka karatasi inataka kutoboka, sasa kopi itamwonyesha baba nini?

Vita vilipotutawanya tuliandikiana kwa fomu za Msalaba Mwekundu, hazifungwi, zinasomwa njiani, na tulikubali kwa sababu karatasi ilikufikia ileile, unauona mwandiko wa mtu wako unajua yuko hai.

Kwahiyo kusomwa hatukatai Mheshimiwa. Barua za mawakili nazo zilikuwa zinapigwa kopi, watu wakaenda mahakamani, 2019 serikali ya jimbo ikakubali kuacha, sasa zinafunguliwa gerezani mbele ya mfungwa mwenyewe, zinakaguliwa, anapewa. Fanyeni hivyohivyo kwa barua za nyumbani, na hela inayolipwa Florida iajiri wakaguzi hapahapa Pennsylvania. Kama ni kazi nyingi anzeni basi na michoro ya watoto na barua za wazee, hata hiyo tutashukuru sana.

Wiki hii nina mbili mezani, zote za dole gumba. Nitaziposti Florida kama mnavyotaka. Jibu lako nitumie kwa Kiingereza tu, nitawasomea wazee kwa Kiswahili.