Ule ubishi wetu wa fisi

Swahiba yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi hatujambo, na mvua za vuli zimeanza vizuri. Mama anakusalimu, kila siku anauliza utakuja lini.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana machungani? Wewe ulishikilia kwamba fisi ni mbwa, mimi nikakataa. Nilikuwa sahihi: fisi ni ndugu wa karibu wa nguchiro, na hata kwa paka yuko karibu kuliko kwa mbwa. Lakini juzi nimesoma habari za mnyama aliyenifanya nikuonee huruma kwa jinsi nilivyokubishia. Anaitwa Borophagus.

Aliishi Amerika Kaskazini, akatoweka yapata miaka milioni 2 iliyopita. Ni wa ukoo wa mbwa hasa, ila fuvu lake ukilishika utaapa ni la fisi: paji limevimba, pua fupi, taya nene, meno ya kuvunjia mifupa. Edward Cope, mtaalamu wa mabaki ya wanyama wa kale, ndiye aliyempa jina, mwaka 1892, na maana yake ni mlaji mwenye uroho. Fisi wenyewe kule walifika jenasi moja tu, yaani kundi moja la aina zilizo ndugu wa karibu, wakitokea Asia. Kazi ya kuvunja mifupa ilikuwa ya mbwa.

Sasa sikiliza hili. Huko California vilipatikana vinyesi vya Borophagus vilivyogeuka mawe, vya miaka zaidi ya milioni 5. Mwaka 2018 wataalamu wakaeleza walichokiona ndani: vipande vya mifupa. Vile vinyesi vya fisi tulivyokuwa tukivikuta njiani, vyeupe kama chaki, ukikanyaga vinakuwa unga, ndivyo walivyolinganisha navyo. Tumbo la fisi huyeyusha mfupa ukaisha. La huyu halikufika huko. Mfupa aliuvunja, akaumeza, ukatoka ungali vipande. Na kwa kuwa vinyesi vilikuwa vingi mahali pamoja, wanadhani walikuwa na choo chao, kama wafanyavyo wanyama wa kundi. Mnyama mwenyewe alikuwa na kilo kama 24 tu, na walioliwa walikuwa wakubwa kuliko yeye. Peke yake angewezaje? Mimi naamini waliwinda pamoja.

Linaloniuma ni kwamba hakuacha mtoto wala mjukuu. Mbwa wote unaowajua leo, na mbweha, na mbwa mwitu, wametoka tawi jingine la ukoo huo. Tawi lake lilikatika lote. Mamilioni ya miaka ya kuvunja mifupa, na kilichobaki ni mafuvu na vinyesi.

Jana nilimtupia mbwa wetu goti la mbuzi, nikavuta kigoda nikamtazama. Aliliguguna mpaka magharibi, hakulivunja. Nilitamani ungekuwa umekaa hapo kando yangu.

Andika upesi.

Ni mimi, mchungaji mwenzako